Chambo, Riha na Upande wa Upepo: Kumwinda Dume Pevu katika Misitu ya Nhica do Rovuma na Msamiati Wake wa Kiswahili

Ikisiri

Vitabu vya uwindaji vya Ulaya na Amerika ya Kaskazini vimeandika mengi juu ya namna ya kumvuta ayala dume aliyepevuka kwa chambo na kwa harufu. Makala haya yanaliangalia suala hilo katika mazingira ya Nhica do Rovuma, wilaya ya Palma, kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, mahali ambapo ayala hayupo na nafasi yake imeshikwa na mbawala, funo na paa. Inadaiwa kwamba katika misitu hiyo kazi kubwa ya mwindaji ni kuizuia harufu yake mwenyewe isimfikie mnyama, na kwamba chambo chenye nguvu zaidi ni kile ambacho msitu wenyewe umekidondosha. Kiswahili kina maneno ya kuyaeleza hayo kwa usahihi, ingawa baadhi yake yamebaki kwa mabaharia. Kuyatumia ni jambo la haja wakati huu ambapo sheria za wanyamapori zinafasiriwa kwa Kiswahili na neno moja, chambo, linabebeshwa maana nyingi kuliko linavyoweza kubeba.

1. Utangulizi

Mto unaoitwa Ruvuma nchini Tanzania na Rovuma nchini Msumbiji unagawa nchi mbili, lakini haugawi msitu. Upande wa kaskazini ni mkoa wa Mtwara. Upande wa kusini ni wilaya ya Palma, na humo, bara kidogo kutoka pwani, ndimo kilipo kijiji cha Nhica do Rovuma. Wenyeji wa eneo hilo huzungumza Kimakwe, lugha iliyofafanuliwa kwa kina na Maud Devos katika sarufi yake ya mwaka 2008, pamoja na Kimakonde na, kwenye fukwe, Kimwani. Kireno ni lugha ya serikali na shule. Kiswahili ni lugha ya soko, ya safari za kuvuka mto na, kwa wengi, ya madrasa.

Misitu inayokizunguka kijiji hicho ni misitu mikavu ya pwani: miti iliyosongamana, vichaka vya miiba, na ardhi ya kichanga isiyohifadhi maji kwa muda mrefu. Wataalamu wa mimea wameifahamu kwa kuchelewa. Makala ya Jonathan Timberlake na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2011, ilionyesha kwamba misitu ya aina hiyo kaskazini mwa Msumbiji ina mimea mingi isiyopatikana kwingineko, na kwamba kilichobaki ni sehemu ndogo tu ya kilichokuwapo. Wanyama wa misitu hiyo wameandikiwa machache zaidi, na maarifa ya kuwawinda machache kuliko yote. Sababu mojawapo ni kwamba uwindaji huo kwa sehemu kubwa hufanyika pembezoni mwa sheria, na mtu hamsimulii mgeni mwenye daftari habari za kazi inayoweza kumpeleka gerezani.

2. Ayala, mbawala na tatizo la jina

Msomaji wa Kiswahili amemjua ayala kupitia Biblia, hasa Zaburi ya 42 katika tafsiri ya Union. Jina hilo lina asili ya Kiarabu, na mnyama anayetajwa nalo haishi Afrika kusini mwa Sahara. Ayala wa asili wa bara hili wapo Afrika ya Kaskazini tu. Kwa hiyo kila mfasiri wa kitabu cha uwindaji wa ayala hukabiliwa na uchaguzi: abaki na ayala, ambaye msomaji hajapata kumwona, au aseme kulungu, swala au paa, ambao si jamii moja naye.

Tofauti hiyo si ya jina tu. Pembe za ayala huota na kuanguka kila mwaka, na madume hupandisha katika msimu mmoja mfupi wa vuli. Katika majuma hayo dume pevu, ambaye mwaka mzima alikuwa mwangalifu kupita kiasi, husahau tahadhari. Biashara nzima ya chupa za harufu huko Marekani imejengwa juu ya majuma hayo: mkojo wa jike aliye tayari kupandwa hunyunyizwa katika njia, na dume huufuata. Mbawala wa Rovuma hayuko hivyo. Pembe zake ni za kudumu, zina msokoto mmoja, na hubaki kichwani mpaka kufa. Katika sehemu nyingi za tropiki mbawala huzaa mwaka mzima, kwa hiyo hakuna majuma maalumu ya wazimu ambayo mwindaji angeyasubiri. Dume pevu wa mbawala hutambulika kwa weusi unaoongezeka na umri, kwa kuishi peke yake, na kwa uzito unaoweza kufikia kilo 80. Mnyama wa namna hiyo amekwisha kunusurika mara nyingi, na silaha iliyomnusuru ni pua.

Funo, aliye mdogo zaidi, na paa, aliye mdogo kuliko wote, wana desturi nyingine. Wote wawili wana tezi mbele ya jicho, nao hupaka ute wake kwenye ncha za vijiti ili kuweka alama za makao yao. Paa hurudi pia kunya mahali pamoja, hata lundo la kinyesi likawa kama jiwe la mpaka. Jina la kisayansi la paa huyo, Nesotragus moschatus, linabeba neno lenye maana ya miski, na mnyama aliyetumiwa kumweleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1846, alitoka katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji wa Unguja. Inapendeza kuona kwamba mtaalamu wa Ulaya aliyempa jina alianza na kile kile ambacho msasi wa Kiswahili huanza nacho: anavyonuka.

3. Maneno ya pua

Kiswahili hakikosi maneno ya harufu. Kitenzi nuka husema kwamba kitu kinatoa harufu, na kwa kawaida mbaya. Nukia husema kwamba harufu hiyo ni nzuri. Nusa humhamisha mtendaji, akawa yule mwenye pua. Hivyo mnyama hunusa, mwindaji hunuka, na mwindaji aliyetoka arusini akiwa na udi katika kanzu yake hunukia. Kwa mnyama hakuna tofauti kati ya hao wawili wa mwisho. Marashi na jasho vyote ni habari moja: mtu yupo.

Majina nayo yamepangika. Kutuzi ni harufu ya jasho la kwapa, shombo ni ya samaki, uvundo ni wa kitu kilichooza. Riha ni harufu nyepesi inayochukuliwa na hewa, nayo inatokana na mzizi wa Kiarabu uliozaa pia neno la upepo. Kwa makala haya riha ndilo neno la msingi, kwa sababu linazishika dhana mbili pamoja: harufu na kile kinachoisafirisha. Kusema kwamba mnyama amepata harufu ya mtu ni sawa. Kusema kwamba amepata riha yake ni kusema zaidi, kwamba upepo umeileta.

Mbinu za kupunguza riha zinajulikana kote Afrika Mashariki na hazihitaji chupa yoyote. Mwindaji haogi kwa sabuni yenye manukato kabla ya kuingia msituni; havuti tumbaku akiwa mviziani; nguo zake hukaa mahali penye moshi wa kuni. Katika nchi ambamo mashamba na nyasi huchomwa kila kiangazi, moshi si habari ya kumshtua mnyama. Wengine hujipaka majani yaliyopondwa au mavi ya mnyama mwenyewe. Mbinu hizi zote hupunguza tu. Hakuna jani linaloifuta kutuzi ya mtu aliyetembea saa tatu katika joto la mwezi wa Oktoba, na wanaodai kuwa nalo wana haki ya kuulizwa kwa nini bado wanatazama upepo.

Mbwa ni suala la namna nyingine. Mwindaji mwenye mbwa amekodi pua iliyo sawa na ya mnyama au kuishinda, na tatizo lote hugeuka: badala ya kuficha riha yake, anaifuata ya mwingine. Uwindaji wa mbwa na nyavu, unaojulikana sana Unguja, ni kazi ya kundi na kelele. Haumchagui dume pevu; humtoa yeyote aliyemo kichakani.

4. Upepo na kingo mbili za mto

Pwani hii inaongozwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi na huandamana na mvua. Maji hujaa kila bondeni, majani hufunga macho, na mnyama hana sababu ya kwenda mahali panapojulikana. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi karibu na Oktoba, kutoka kusini na kusini-mashariki, nao ndio upepo wa kiangazi. Madimbwi hukauka mmoja baada ya jingine, na njia za wanyama hukusanyika kuelekea maji yaliyobaki, ambayo makubwa kati ya hayo ni Rovuma yenyewe.

Hapa mantiki ya upepo hutoa jambo ambalo ramani haionyeshi. Upande wa Nhica, yaani ukingo wa kusini, mnyama anayeshuka mtoni hutoka kusini na kusi ikimpiga mgongoni. Mwindaji anayemsubiri ukingoni huipata riha ya mnyama, na riha yake mwenyewe huchukuliwa juu ya maji hadi ng'ambo. Upande wa Mtwara mambo hupinduka: mnyama hutoka kaskazini akiukabili upepo, na kila aliyeketi ukingoni hutangazwa kwake kabla hajaonekana. Mto ule ule, msimu ule ule, mnyama yule yule, lakini kukaa penye maji ni busara upande mmoja na upumbavu upande wa pili. Wa Mtwara hana budi kwenda nyuma ya njia, ndani ya msitu, na kumwacha mnyama ampite.

Dume pevu anaijua dosari ya ukingo wa kusini. Mnyama anayetembea na upepo mgongoni hajui kilicho mbele yake, na kwa hiyo mwenye umri haji moja kwa moja. Huzunguka kwa mbali, huvuka hadi upande ambao upepo utamletea habari za maji, husimama, kisha ndipo hushuka. Wachanga na majike wenye watoto hutangulia. Mwindaji asiye na subira huua hao. Anayemtaka dume hana budi kuacha nyama ipite mbele yake, jambo ambalo ni rahisi kulisema na gumu kulifanya kwa mtu ambaye nyumbani kwake wamelala na mboga za majani kwa siku kumi.

Pepo ndogo huvuruga hesabu ya pepo kubwa. Usiku kusi hulegea karibu na pwani, na umande, yaani upepo mwepesi wa bara, huchukua nafasi. Hewa iliyopoa juu ya miteremko huwa nzito, nayo hutiririka kuelekea bondeni kama maji. Jua likipanda, ardhi hupata joto na hewa hurudi juu. Kwa hiyo kabla ya alfajiri riha ya mtu aliyeketi mteremkoni hushuka hadi mtoni, na saa mbili asubuhi riha ya aliyeketi mtoni hupanda mteremko. Kati ya nyakati hizo mbili kuna kipindi kifupi ambacho hewa haina mwelekeo, na wazoefu huondoka mviziani badala ya kukiamini. Chombo cha kupimia ni kitambaa chenye majivu laini: hutikiswa, na vumbi lake huonyesha njia. Jani linalotikisika halitoshi, kwani huonyesha upepo wa juu, na mnyama hunusa chini.

Kwa uhusiano huu wa mwindaji, mnyama na upepo, Kiswahili cha maandishi ya wanyamapori hutumia maelezo marefu: upande unakotoka upepo, upande unakoelekea upepo. Mabaharia walikwisha kuyafupisha. Upande wa chombo unaopigwa na upepo ni goshini, au joshini. Ule wa pili ni demani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyaingiza, na manahodha wa majahazi wanayatumia. Hakuna kinachozuia kuyapandisha nchi kavu. Mwindaji wa Nhica aliye ukingoni yuko demani mwa mnyama. Wa Mtwara aliye ukingoni yuko joshini mwake. Mtu wa Palma, ambaye mara nyingi ni mvuvi kabla ya kuwa mwindaji, hatahitaji kufundishwa. Itakumbukwa tu kwamba demani ni pia jina la majira, na muktadha utabidi uitenganishe.

5. Kilichoanguka na kilichowekwa

Chambo ni neno la uvuvi. Maana yake ya kwanza ni kitu kinachowekwa katika ndoana ili samaki akimeze, na humo mna mambo matatu: kuna mtu aliyekiweka, kimewekwa ili kidanganye, na kimeshikamana na chombo cha kunasia. Likihamishiwa msituni, neno hilo huanza kulegea.

Chukua mkuyu ulioangusha matunda. Nyani na tumbili hula juu na kupoteza mengi, na funo na mbawala huja chini kuyaokota. Hata sauti ya nyani wakila ni mwito kwao. Mkwaju, mng'ongo na mbuyu, ambao maua yake yaliyoanguka huliwa na wanyama wengi, hufanya kazi hiyo hiyo kwa zamu. Ukifika msimu wa korosho, mabibo yaliyookotwa korosho na kuachwa shambani huchacha, na harufu yake tamu huenda mbali usiku. Mwindaji aketiye demani mwa mkuyu hakuweka kitu. Je, ametumia chambo? Na mwenye shamba aliyeyaacha mabibo chini kwa sababu hakuwa na haja nayo, kisha akaketi juu ya ulingo na upinde wake?

Majani mabichi baada ya moto ni chambo kikubwa zaidi. Nyasi zikichomwa mapema katika kiangazi, machipukizi hutoka kabla ya mvua kutoka kwenye mizizi yenye unyevu, na mnyama aliyekuwa akila majani makavu huyafuata. Hapa kuna aliyeweka, na nia ipo, lakini hakuna kitu kilichotegwa. Kuna shamba zima lililogeuzwa kivutio. Chumvi nayo ina tabia yake. Bara, mahali pa ardhi ya chumvi huwavuta wanyama kwa umbali mkubwa, kwa kuwa majani ya bara yana chumvi kidogo. Karibu na bahari, upepo wenyewe huleta chumvi na kuipaka kwenye majani, na kwa hiyo konzi ya chumvi iliyomwagwa chini ya mti huvuta kidogo zaidi kadiri mtu anavyoikaribia pwani. Mbinu iliyosifiwa bara haisafiri bila kupungua nguvu.

Kireno kina maneno mawili yanayosaidia kuliona tatizo. Isca ni chambo cha ndoana au cha mtego. Ceva ni chakula kinachowekwa mahali pamoja tena na tena mpaka mnyama azoee kuja. La pili halina neno moja la Kiswahili lililokubalika. Makala haya yanapendekeza lisho la mazoea kwa maana hiyo, na kukiacha chambo kibaki na maana yake ya uvuvi: kitu kilichowekwa penye mtego au silaha. Matunda yaliyoanguka yenyewe, ardhi ya chumvi na machipukizi yaitwe vivutio. Migawanyo hiyo mitatu inaweza kuonekana ya kisomi mno mpaka itakaposomwa mahakamani.

6. Neno moja mbele ya sheria

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania, Na. 5 ya mwaka 2009, inakataza, isipokuwa kwa kibali cha maandishi, orodha ndefu ya njia za kuwinda. Humo mna sumu, chambo, nyavu, mashimo, mitego ya tanzi, vibanda vya kuvizia, mbwa na taa. Inakataza pia kuwinda karibu na maji ya kudumu au mahali pa chumvi. Ng'ambo ya pili, Sheria Na. 10/99 ya Misitu na Wanyamapori ya Msumbiji iliutambua uwindaji wa leseni ya kawaida unaofanywa na wanajamii kwa ajili ya kitoweo chao, na Sheria Na. 16/2014 ya Uhifadhi, kama ilivyorekebishwa na Sheria Na. 5/2017, iliongeza uzito wa adhabu. Wakazi wa kingo hizi mbili ni ndugu, huoana na kuzikana, lakini anachofanya mmoja mchana kwa leseni huenda mwenzake akafungwa kwa ajili yake.

Tangu mwaka 2021, kwa marekebisho ya sheria yaliyopitishwa Dodoma, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na kazi ya kuzifasiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza inaendelea. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambayo Msumbiji ni mwanachama wake, ilikikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Kwa hiyo neno litakalochaguliwa Dodoma lina uwezekano wa kuvuka mto. Likiwa ni chambo bila ufafanuzi, mtu aliyeketi chini ya mkuyu wa Mungu atakuwa katika kifungu kimoja na aliyetia sumu katika mzoga, ambayo haimuui aliyekusudiwa tu bali na kila tai anayeteremka.

Katazo lenyewe lina sababu nzuri, na makala haya hayalipingi. Mnyama anayekuja penye maji katika kilele cha kiangazi hana hiari, na kumngoja hapo ni kumnyang'anya nafasi yake ya mwisho. Huko Amerika ya Kaskazini sababu nyingine imeongezeka. Ugonjwa wa kudhoofu wa ayala, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967, husababishwa na prioni zinazotoka katika mate, mkojo na kinyesi. Chakula kilichomwagwa mahali pamoja huwakutanisha wagonjwa na wazima. Majimbo kadhaa yamepiga marufuku lisho la mazoea kwa sababu hiyo, na mengine yamekataza hata chupa za mkojo halisi. Ugonjwa huo haujulikani miongoni mwa wanyama wa Rovuma, lakini kimeta kinajulikana Afrika Mashariki, na mahali panapokusanya wanyama wengi penye udongo mmoja si mahali salama.

7. Waya

Chambo, hata hivyo, sicho kinachomaliza wanyama wa misitu hii. Kinachowamaliza ni waya. Tanzi la waya halihitaji upepo, subira wala maarifa ya pua. Likishaning'inizwa njiani kwa siku tatu, riha ya mtegaji huwa imekwisha, na anayeingia shingo ndiye anayekamatwa: jike mwenye mimba, mtoto, dume pevu, au mbwa wa jirani. Nyingi ya nyama hiyo huoza kabla ya mtegaji kurudi.

Kwa Waislamu wa Palma kuna jambo jingine, nalo ni zito kuliko hesabu ya wanyama. Mnyama aliyenyongwa akafa kabla ya kuchinjwa ni kibudu, na nyama yake ni haramu. Anayewinda demani mwa mnyama, akapiga na kumfikia akiwa bado na uhai, hupata nafasi ya kuchinja. Mtegaji wa waya mara nyingi hukuta mzoga. Ipo njia ya kulikwepa hilo, nayo ni kuuza nyama kwa asiyeuliza. Biashara ya nyama iliyokaushwa imeirahisisha, kwa kuwa katika kipande kikavu hakuna anayeweza kuonyesha kisu kilipopita. Miongoni mwa Wamakonde walio Wakristo kizuizi hicho hakipo, na kwa hiyo jirani wawili wa msitu mmoja wana sababu tofauti za kuuchukia au kuuvumilia waya.

Vita vimeusukuma uwindaji upande huo huo. Mashambulizi yaliyoanza Mocímboa da Praia mnamo Oktoba 2017 na kufika mji wa Palma mnamo Machi 2021 yaliwatoa watu wengi katika vijiji vya wilaya. Maarifa ya upepo hayafundishwi kambini. Yanafundishwa na mtu mzima anayemtangulia kijana katika njia moja miaka kadhaa, akimwonyesha ni saa ngapi umande hugeuka katika bonde lile na mkuyu upi huangusha mwezi gani. Kijana aliyeondoka akiwa na miaka kumi na kurudi akiwa na kumi na sita anaukuta msitu, lakini aliyekuwa amwonyeshe pengine hakurudi. Waya anaweza kuutega bila kuonyeshwa.

Kwa kamati za vijiji zinazoandika kanuni zao ndogo kwenye kingo za mto huu, lugha ya kutenganisha mambo hayo inapatikana. Kanuni inaweza kusema kwamba tanzi la waya na chambo chenye sumu ni marufuku wakati wote na mahali pote. Kwamba lisho la mazoea ni marufuku. Kwamba hakuna kuketi penye maji ya kudumu kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza. Na kwamba mwenye leseni akiketi demani mwa kivutio kilichoanguka chenyewe hajavunja kanuni ya kijiji, mradi amemwona mnyama kabla ya kupiga na mnyama huyo ni dume mwenye pembe zilizokamilika msokoto. Kwa mbawala alama hiyo ya mwisho ni rahisi, kwani jike hana pembe. Kwa funo haifai, kwa sababu jike na dume wote wanazo, na kanuni yake itabidi iandikwe kwa njia nyingine.